Mrejesho: Datsun 240Z siiuzi

Wakuu, niliuliza kama niiuze Datsun 240Z yangu ya 1972, gari la michezo la Kijapani, au niendelee kuifunika turubai. Nimeamua: inabaki, na naiendesha. Mlioniambia gari huharibika kwa kulala mlikuwa sahihi kabisa. Petroli ya zamani ilikuwa imegeuka gundi ndani ya kabureta zote mbili (zinazochanganya petroli na hewa), mafuta ya breki yamenyonya unyevu, na matairi, japo kashata (meno ya tairi) bado zipo, mpira ulishakakamaa. Nimebadilisha matairi na mafuta, kabureta zikafunguliwa na kusafishwa.

Jumapili niliitoa alfajiri. Ile injini ya silinda 6 ilipopata moto na kuanza kuvuta, machozi yalinilenga. Sasa kila wiki inatoka angalau nusu saa. Mvua ikinyesha, haitoki. Bodi yake naihurumia, isije ikashika kutu.