Nani kampa yule jamaa ruhusa ya kuniandikia "MIMI BADO NAJIFUNZA" kwenye posti YANGU???

Wakuu salaam, na wale wasiostahili salaam wanajijua.

Simtaji mtu hapa. Mnamjua wote. Yule yule modi wetu, msimamizi wa jukwaa hili, mwenye picha ya jogoo, anayepita kwenye kila uzi kama mwenye nyumba anayekagua vyoo vya wapangaji, halafu huku chini anaacha kile kijisentensi chake "imeboreshwa kidogo kwa usomaji mzuri". Kidogo!! Ngoja niwaeleze hicho kidogo.

Jana usiku nimeshusha uzi kuhusu salfa, ile dawa ya mikorosho. Uzi wa maana, siyo hizi nyuzi zenu za "naombeni ushauri kaninunia". Niliandika kwa hasira ndiyo, kwa sababu huku kwetu Nanyamba kila mwaka mikorosho ikianza kuchanua kuna watu wanapuliza salfa ya unga saa sita mchana, jua linawaka, upepo unavuma, poda yote inaishia kwenye nguo za jirani alizoanika, halafu maua yakikaushwa na ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu, wanakuja kulia humu eti salfa ya mwaka huu feki. Salfa feki au akili feki? Salfa ya unga inapulizwa alfajiri, umande bado uko majanini, upepo umetulia, ndo ile poda inashika. Nimeyaandika hayo yote nikamalizia na sentensi moja ambayo kusema ukweli niliipenda mwenyewe, "anayebisha aje shambani kwangu tuhesabu korosho." Nikalala.

Asubuhi nafungua simu nikijua nakuta laiki. Laiki zipo. Jina langu lipo. Picha yangu ile niko na kofia ipo. Halafu mwisho wa posti, pale palipokuwa na kuhesabu korosho, pameandikwa hivi:

"Naomba radhi kama kuna niliyemkwaza, mimi bado najifunza 🙏"

Mimi?

Bado??

NAJIFUNZA???

Na vimikono vya kuomba kaweka! Mimi maisha yangu yote sijawahi kutuma vile vimikono, hata kwenye msiba. Mtu kakaa kwake huko, anakunywa chai, kaona nimesema vya kutosha, akaamua anisaidie kuomba msamaha ambao siudaiwi, kwa mdomo wangu, usiku, nimelala.

Na zile laiki sasa ndo zinaniuma kuliko vyote kwa sababu siyo zangu, ni za huyo anayejifunza. Kuna mtu kakomenti "hongera mkubwa kwa kujishusha, wachache wenye moyo huo". Nimejishusha wapi ndugu yangu? Nilikuwa nimepanda juu kabisa, nimeshushwa!

Saa mbili hivi shemeji yangu wa Tandahimba ananipigia. Huyu shemeji tuna ubishi wetu wa siku nyingi, mimi nasema mikorosho ipandwe mita 12 kwa 12, yeye kaisongamanisha matawi yameshikana huwezi hata kupita na baiskeli. Ananiambia "shem, vijana wamenisomea hapa, kumbe hata wewe bado unajifunza? Basi yale ya mita tuyaache." Anacheka huyo. Nikamwambia siyo mimi niliyeandika, akanijibu "shem jina ni lako na kofia ni yako". Nimkatalie nini?

Sasa mniambie. Kuunganisha "nime weka" iwe "nimeweka" sawa. Kutoa lile tusi nililompa mpuliza mchana, sawa, lile tusi lilikuwa refu kweli. Hata kufuta uzi mzima ungefuta ningejua nimefutiwa, ningenuna yangu yakaisha. Lakini kuniongezea! Admini wa kundi la WhatsApp kwa ubabe wake wote anaweza kukufutia meseji, hana uwezo wa kukuandikia nyingine. Huyu wetu anao. Leo kaandika najifunza, kesho ataandika nakopesha.

Halafu kwenye huko kuboresha kwake kakata umande. Kakata UMANDE! Kaacha "pulizeni mapema". Mapema lini, mapema mwezi wa pili?

Bado najifunza. Ukoo mzima unasoma humu.

---

Bibo la Newala: Shikamoo mwanafunzi 😂😂😂

Kijana wa Chikongola: Mkuu punguza herufi kubwa, unasikika mpaka Msumbiji

Pweza Mkavu Mikindani: Pole kaka yangu lakini wewe una afadhali. Mimi tangazo langu la pweza kalihamishia jukwaa la AFYA kisa niliandika supu yake inasaidia kina baba. Tangu hapo napokea inboksi za watu wanaojieleza matatizo yao ya chumbani, hakuna hata mmoja anayeuliza kilo bei gani. Mimi nauza pweza jamani, mimi siyo daktari.

Bibo la Newala: Dada hapo mimi nacheka na huku naogopa

Fundi wa Nachingwea: Tuongee kitaalamu kidogo. Kuediti posti ya mwenzio siyo kosa lenyewe. Kule Stack Overflow, tovuti ya maswali ya waandika programu, ukifikisha pointi 2,000 unaediti posti ya mtu moja kwa moja, chini ya hapo unapendekeza tu watu wapitie kwanza. Ila kila badiliko linabaki kwenye historia, na jina la aliyebadilisha linaonekana, na mwenye posti akichukia anairudisha ilivyokuwa. Wikipedia nayo makala ni ya wote, kila mtu anagusa, lakini kwenye kurasa za majadiliano kule kubadilisha maneno ya mwenzio ni mwiko maana yana saini yake. Huku kwetu hakuna historia wala saini, ndo tatizo lilipo.

Kijana wa Chikongola: Mkuu mtu analia hapa wewe unatoa semina

Mleta uzi: @Fundi wa Nachingwea asante, umeongea. Kwa hiyo nifanyeje nirudishe ya kuhesabu korosho?

Fundi wa Nachingwea: Huwezi. Unaandika upya.

Mleta uzi: Niandike upya ili aombe radhi mara ya pili???

Bibo la Newala: Ndo kujifunza kwenyewe huko, kurudia rudia

Msafiri wa Kusini: Huyo jamaa mimi nina kesi naye. Mei 2024 kimbunga Hidaya kimepita, mvua imekata barabara pale Somanga, magari yamejipanga, watoto wanalia, maji ya kunywa chupa inauzwa bei ya soda mbili. Nikashusha uzi pale pale barabarani, chaji inaisha, heding nikaweka KUSINI TUMETUPWA. Nimefika Lindi nachaji simu nakuta heding inasomeka "Changamoto ya usafiri kwa baadhi ya abiria". Baadhi! Nilikuwa nimelala kwenye siti ya basi nimekumbatia ndoo ya samaki ya mtu nisiyemjua, halafu mimi ni baadhi.

Mzee wa Pantoni: Nyie vijana mnalalamika sana. Kabla ya daraja la Mkapa 2003 sisi tulikuwa tunasubiri pantoni la Rufiji na hatukuwa na pa kuandikia heding. Unakaa na mzigo wako mpaka zamu yako.

Msafiri wa Kusini: Mzee kwa hiyo kwa sababu nyie mliteseka na sisi tuteseke? Ndo maana hii barabara haiishi kutengenezwa, kila mtu anasema zamani ilikuwa mbaya zaidi

Mzee wa Pantoni: Sijasema hivyo, usinilishe maneno.

Kijana wa Chikongola: Mzee kaeditiwa na yeye 😂

Mleta uzi: Jamani barabara ina uzi wake. Hapa tunaongelea mtu kuandikiwa "mimi bado najifunza" kwa jina lake. Mkiacha lipite hili yatawakuta.

Namungo Damu: Mleta uzi samahani nikuulize. Si wewe uliyekuwa admini wa kundi la michango ya harusi ya yule kijana wa Mahuta? Si wewe uliyenitoa kundini nilipouliza hela ya maturubai imeenda wapi?

Mleta uzi: Lile ni suala jingine kabisa na uliuliza vibaya.

Namungo Damu: Niliuliza kwa kuweka alama ya kuuliza

Bibo la Newala: Hapa ndo nimevuta kiti

Mleta uzi: Maturubai yalilipwa. Risiti zipo kwa mwenyekiti. Na kukutoa kundini sikukuandikia chochote mdomoni, umetoka na maneno yako yote mazima, ulienda nayo nyumbani. Huyu wa jogoo kaniacha ndani halafu kanibadilishia maneno. Ona tofauti hiyo. BADO NAJIFUNZA, mimi!

Kijana wa Chikongola: @Namungo Damu watu wa Lindi mna kumbukumbu mbaya sana, harusi ya lini hiyo

Namungo Damu: Kumbukumbu nzuri. Nakumbuka hata 2021 Namungo ya Ruangwa tuko makundi Kombe la Shirikisho Afrika, nyie watu wa Mtwara Ndanda yenu mnaitafuta kwa tochi ligi gani haijulikani

Kijana wa Chikongola: Makundi mliyofungwa kila mechi unayatajaje hadharani

Namungo Damu: Tulifungwa Afrika. Nyie mmefungwa hapa hapa.

Mzee wa Pantoni: Mpira wa Kusini uliuawa na siasa. Hilo nalo muandike.

Salfa ya Mchana: Nimechelewa wakuu. Mimi ndo nilitukanwa kwenye ule uzi kabla haujaboreshwa, niliuwahi usiku ule. Namshukuru sana modi kwa kulitoa lile tusi maana lilimgusa mpaka bibi yangu. Na salfa nitapuliza saa nitakayoamka.

Mleta uzi: Nilijua tu utatokea. Endelea kuwapulizia majirani mashuka.

Salfa ya Mchana: Mashuka yenyewe hayana ubwiri 😂 na wewe endelea kujifunza

Mleta uzi: UMEONA SASA???? Mmeona wakuu alichoniletea yule mtu? Kila mpumbavu ananijibu kwa sentensi ambayo sikuiandika!

Fundi wa Nachingwea: Mkuu mwandikie modi inboksi umwombe aweke utaratibu wa kuonyesha mabadiliko.

Mleta uzi: Nimemwandikia tangu asubuhi. Kanijibu "asante kwa maoni yako mazuri". Mazuri! Nilimtukana mule!

Bibo la Newala: Labda tusi lako alilisoma likiwa limeshaboreshwa

Msafiri wa Kusini: Dada wa Mikindani turudi kwako, pweza kilo bei gani na unatuma Masasi?

Pweza Mkavu Mikindani: Natuma kaka, basi la asubuhi. Njoo inboksi.

Msafiri wa Kusini: Inboksi siji. Weka bei hapa hapa hadharani, nyie wa "njoo inboksi" ndo mnatupiga, unamtajia mtu wa Masasi yake na wa Newala yake

Pweza Mkavu Mikindani: Nikiweka bei uzi unahamishwa tena. Unataka nirudi jukwaa la afya?

Namungo Damu: Weka bei dada. Na maturubai sijasahau.