Mbwa wangu hafuati tena harufu ya mbuzi, nifanyeje?

MchungaGongoni: Wadau, nina mbwa wa kutafuta mbuzi wanaopotelea vichakani huku Gongoni. Alikuwa akinusishwa kamba ya mbuzi anashika njia moja kwa moja. Sasa ananusa, anazunguka, anarudi. Pua mbichi, anakula vizuri. Nimpe nini?

Bwana_Kusi: Unamtoa saa ngapi? Jua likipanda mbwa huhema mdomo wazi, na akihema hanusi. Mtoe alfajiri umande ungali chini, aanze akielekea upepo. Mtazame puani kwa karibu: akitoa pumzi, vumbi huruka pembeni, kwenye vile vipasuo viwili, ili asiipeperushe harufu iliyo mbele yake. Maumbile ya ajabu sana hayo.

Ustadh_wa_Pwani: Ndugu, usisahau mate yake. Kwa Shafii chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mbwa wa mifugo ameruhusiwa.

DawaYaKupe: Mwenzetu bado hajajibiwa. Ana kupe? Damu puani? Funua mdomo utazame ufizi. Vidoa vidogo vyekundu huenda ni homa ya kupe. Na anatumia dawa gani?

MchungaGongoni: Kupe hana, damu hakuna. Dawa… alihara, nikamnunulia metronidazo duka la dawa za mifugo. Bado nampa, na kuhara kumekata, kwa hiyo siachi. Halafu nimeshatoa kianzio cha mbwa mwingine.

DawaYaKupe: Mbona hukusema mapema! Mwaka 2016 Marekani ulichapishwa utafiti juu ya mbwa wa kunusa mabomu: waliopewa dawa hiyo, baadhi walishindwa kunasa harufu, na uwezo ukarudi baada ya kuachishwa. Usiongeze dozi. Mwone daktari wa mifugo, mwambie huyu ni mbwa wa kunusa, akupangie nyingine.

Mtu_Chake: Uzi wa kutunga huu. Jina la dawa limetoka baada ya kubanwa, na mbwa wa kijijini amjue mbuzi mmoja kwa kamba tu?

Bwana_Kusi: Kwa kamba anaweza. Mbwa ana vipokezi vya harufu hadi milioni 300, sisi kama milioni 6. Mwenye shaka ampime: makopo matatu yaliyotobolewa, ndani ya moja dagaa. Yote yashikwe kwa mkono uleule, la sivyo atafuata harufu ya mkono. Anayejua dagaa walipo asimame mbali, maana mbwa husoma macho ya mtu. Hamisha dagaa kila raundi, na kopo lililokaa dagaa usilirudie bila kuliosha kwa maji moto.

MchungaGongoni: Situngi. Nitampima kesho alfajiri. Lakini yule mwingine nitamchukua tu, pesa imeshatoka.

DawaYaKupe: Mchukue, ila mtenge na huyu mpaka ajulikane kama amechanjwa. Na daktari umwone kesho hiyohiyo, hata akilipata kopo.