Kwa nini kumchapa mtoto si uimarishaji hasi?

Mwanagenzi wa Tudor
Assalamu alaykum, ndugu zangu. Mimi ni mwanafunzi wa ualimu, mwaka wa pili. Juzi nilirudishiwa karatasi ya mtihani wa saikolojia ikiwa na wino mwekundu mahali ambapo sikuutarajia kabisa. Swali lilitaka mfano wa uimarishaji hasi, nami nikaandika: "Mwalimu amemchapa mwanafunzi aliyechelewa ili asirudie." Mkufunzi aliandika pembeni neno moja tu, "Adhabu." Nijuavyo mimi, chanya ni kizuri na hasi ni kibaya, na kiboko hakina uzuri wowote. Nimekosea wapi? Tena naomba kuelezwa mbwa wa Pavlov wanahusika vipi, maana katika daftari langu wamo ukurasa huohuo.

Mwalimu Mstaafu, Majengo
Wa alaykum salaam, mwanangu. Kilichokuponza ni hilo neno "hasi". Skinner, Mmarekani aliyezieneza istilahi hizi, aliyatumia maneno chanya na hasi kama yatumikavyo katika hesabu: chanya ni kuongeza kitu, hasi ni kuondoa. Uimarishaji maana yake ni kwamba tendo huzidi kufanywa, na adhabu ni kwamba tendo hupungua. Mwalimu wa mfano wako ameongeza maumivu ili uchelewaji upungue. Hiyo ni adhabu, na ukitaka kushangaa zaidi, wataalamu huiita adhabu chanya. (Viboko vyenyewe, kwa njia, vimekatazwa shuleni na Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013, kwa hiyo tafuta mfano mwingine kwa vyovyote.)

Panya wa Skinner alipokuwa akisumbuliwa na umeme kisandukuni, alijifunza kubonyeza kijiti kilichoukata umeme huo, na akazidi kukibonyeza. Huo ndio uimarishaji hasi. Hata gari linalolia bila kukoma mpaka dereva afunge mkanda linamfunza kwa njia hiyohiyo.

Mama wa Kisauni
Mwalimu, shikamoo. Naomba nilete kisa cha kwangu unisahihishe. Mwanangu wa mwisho ana miaka 4, na siku moja tulipopita Marikiti alijitupa chini mbele ya meza ya muuza mabuyu, nguo yote ikawa vumbi, watu wakageuka kututazama, nami kwa haya nikanunua pakiti moja. Alinyamaza papo hapo, midomo imekuwa myekundu. Nilidhani nimemfunza kunyamaza, kumbe yeye ameimarishwa kulia kwa kuongezewa mabuyu, nami nimeimarishwa kununua kwa kuondolewa kelele na aibu. Je, ni sawa? Na mbona wiki iliyofuata, nilipokataa, alilia maradufu?

Mwalimu Mstaafu, Majengo
Marahaba, mama. Ni sawa kabisa, na laiti ningekuwa na mfano huo nilipokuwa nikifundisha. Ama kilio cha maradufu, tendo lililozoea kulipwa likikosa malipo huweza kupanda kabla halijashuka, na mzazi akilegea wakati huo huwa amekilipa kilio kikubwa kuliko cha mara ya kwanza.

Mnywa Kahawa, Mji wa Kale
Suala la Pavlov limesahauliwa. Huyu alikuwa mwanafiziolojia wa Urusi, na Tuzo ya Nobel aliyopewa mwaka 1904 ilitokana na utafiti wake kuhusu usagaji wa chakula, wala si saikolojia. Mbwa wake hawakutenda lolote ili walishwe. Mate yaliwatoka yenyewe kwa kuwa ishara fulani ilikuwa imetangulia chakula mara nyingi. Nami jioni, muuza kahawa akigongesha vikombe vyake kule uchochoroni, kinywa hujaa mate kabla sijaliona dele. Hilo ni la Pavlov. Nikiinuka barazani na kumfuata, kwa kuwa jana nilimfuata nikapata kahawa na kashata, hilo ni la Skinner.

Mwanagenzi wa Tudor
Nawashukuru nyote. Nimeandika upya: "Wanafunzi waliofika mapema wiki nzima waliondolewa kazi ya nyumbani ya Ijumaa, nao wakazidi kufika mapema." Je, itapita?

Mwalimu Mstaafu, Majengo
Itapita, mradi ueleze kwamba kazi hiyo ilikuwa ikiwakera. Wako wanaoipenda.