Mahojiano ya N-400 (fomu ya kuomba uraia wa Marekani): neno "recruit" limemkwamisha baba

Shikamooni wakubwa. Baba amehojiwa juzi. Historia na Kiingereza kapita. Kwenye maswali ya ndiyo na hapana, ofisa akamuuliza kama amewahi "ku-recruit" (kuandikisha) mtu wa chini ya miaka 15. Baba kajibu ndiyo, maana kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, alikuwa akiandikisha watoto timu ya mpira. Basi, ametoka na N-652 (karatasi ya matokeo ya mahojiano) isiyo na uamuzi, pamoja na barua ya N-14 inayodai maelezo. Barua aandike mwenyewe kwa Kiswahili tutafsiri, au lazima wakili?
Binti, Louisville

Pole dada. Swali lile ni la jeshi na vikundi vya silaha, na fomu imeeleza kila kitenzi: kuomba mtu ajiunge, kumwandikisha, kumlazimisha. Ofisa akisoma mbio, mzee anadaka kitenzi cha kwanza tu. Mke wangu walimkatisha kwenye "persecute" (kutesa watu) hivyohivyo. Mtu asijibu kabla sentensi haijaisha, na aombe arudiwe.
Baba wa watatu, Dayton

Si angejaza N-648, fomu ya msamaha wa Kiingereza, ahojiwe kwa Kiswahili?
Kaka, Boise

Kaka, usipotoshe watu! N-648 hujazwa na daktari, kwa ugonjwa au ulemavu. Kwa umri ni 50/20 au 55/15: umri wa miaka 50 na 20 ya green card (kibali cha ukaazi), au 55 na 15. Na hiyo ya pili ni miaka ya green card, siyo ya kambini. Na acheni kusambaza maswali 100 ya historia: aliyewasilisha fomu kuanzia 20 Oktoba 2025 anasoma 128, anaulizwa hadi 20, apate 12.
Baba wa watatu

Wangemuuliza kama amewahi kupeleka kadogo (mtoto askari) vitani, mzee angeruka kitini kukataa! Waasi wa AFDL walipoingia Uvira, Kongo, 1996 walimchukua mdogo wangu, bado mwanafunzi. Tulikimbia kwa ajili hiyo, halafu leo sisi ndio tunaulizwa. Na tangu Goma na Bukavu ziingie mikononi mwa waasi wa M23 mwaka 2025, wazazi wanaficha tena wavulana.
Mama, Grand Rapids

Yaya, siasa tuziache, watu wana kesi humu.
Kaka, Boise

Siyo siasa, ni mtoto wa mama yangu. Na mwenye ndugu Bukavu aniandikie pembeni, shangazi yangu yuko Kadutu na simu yake haiiti.
Mama, Grand Rapids