Singo kwanza, hina mwisho

Shangazi: Asalaam aleikum wote. Harusi Ijumaa ya wiki ijayo, leo Jumatatu. Singo, ule unga wa kumsugulia bi harusi, inaanza kesho, siku saba, inaishia Jumatatu. Nani kanunua?

Wifi: Waaleikum salaam, shikamoo Shangazi. Nimepita sokoni Darajani, nina singo kavu nusu kilo, marashi ya mawaridi chupa mbili na karafuu ya unga.

Shangazi: Marahaba. Karafuu ya nini tena? Singo ya kununua ina karafuu yake ndani. Ukizidisha inachoma, hasa shingoni na kwapani. Hiyo itie kwenye pilau.

Somo (kungwi wa bi harusi): Kila jioni vijiko vinane vya kulia, kama gramu 70. Tia marashi kidogo kidogo mpaka ukiinua kijiko idondoke bonge, isitiririke. Ikiwa majimaji haikamati nongo. Paka kuanzia miguuni kwenda juu, ngoja dakika 15 hivi. Usiiache mpaka ipasuke pasuke! Hapo ukisugua unamkwaruza mtoto wa watu. Gusa kwa ncha ya kidole: ikinata kidogo, ndiyo wakati. Sugua kwa kiganja, nongo zitatoka kama vijiti vya kijivu. Viwiko, magoti na visigino rudia mara ya pili. Aoge maji ya uvuguvugu bila sabuni, kisha mafuta ya nazi ngozi ikiwa bado na majimaji.

Bi Harusi: Na uso, Somo?

Somo: Uso ni liwa tu mwanangu, ule mti wa kunukia. Kipande cha liwa kisuguliwe juu ya jiwe kwa marashi, upakwe, dakika 10, uoshe. Hakuna kusugua.

Bi Harusi: Kuna mtu kaniletea krimu ya kung'arisha, kikopo hakina maandishi. Na mwingine kasema nipake ndimu.

Mama Mkubwa: Kikopo tupa leo leo. Krimu za namna hiyo huwa na zebaki, haidrokwinoni au steroidi; uso unang'aa siku chache, halafu chunusi na madoa. Ndimu nayo ikipigwa na jua inaunguza, inaacha alama nyeusi za wiki nyingi. Kuanzia leo usoni hakiingii kitu kipya.

Wifi: Manjano je? Niongeze?

Shangazi: Robo kijiko cha chai, basi. Ukizidisha anatoka rangi ya biriani na shela ni nyeupe.

Mama Mkubwa: Kunyoa kwa sukari ni Jumanne asubuhi, siku moja baada ya singo ya mwisho. Vikombe viwili vya sukari, robo kikombe cha ndimu, robo ya maji, moto mdogo mpaka iwe rangi ya asali. Dondosha tone kwenye maji baridi: likiwa bonge laini, epua. Ukichelewa inakuwa peremende. Ipoe mpaka ishikike mkononi. Nywele ziwe na urefu wa punje ya mchele, fupi zaidi hazishikwi. Pakaza kinyume cha zinakoelekea, vuta kufuata zinakoelekea.

Wifi: Singo baada ya hapo?

Mama Mkubwa: Hata kidogo! Ngozi iko wazi, karafuu itamwasha usiku kucha. Mafuta ya nazi tu.

Somo: Hina Jumatano usiku. Ikitangulia singo, singo inaiondoa. Ikipakwa Alhamisi usiku, Ijumaa inakuwa bado ya chungwa, maana rangi hukolea siku ya pili. Ikae kwa muda wa saa sita hadi nane, ikwanguliwe ikiwa kavu, asiguse maji mpaka Alhamisi jioni.

Bi Harusi: Mimi nilitaka na piko, maua yawe meusi.

Somo: Piko nyingi ya siku hizi ni dawa ya kutia nywele weusi, ina kemikali iitwayo PPD. Ikikukataa unapata malengelenge kwa umbo lile lile la maua, na mara nyingine kovu.

Bi Harusi: Wenzangu wote wamepaka 😩

Shangazi: Tone moja nyuma ya sikio leo, tulitazame Alhamisi ya wiki hii. Pakiwasha, hakuna piko. Pakitulia, tutazungumza, ingawa mimi bado sipendi.

Wifi: Basi kesho saa kumi na moja jioni. Nilete kanga kuukuu?

Shangazi: Mbili. Na mkeka wa plastiki, manjano hayatoki kwenye zulia la mama yake.