Filamu gani ya treni tuwaonyeshe wastaafu wa reli hapa Tanga?

MwanaWaKota

Wadau, habari za jioni. Wakubwa shikamooni.

Sisi tuliokulia kota za reli hapa Tanga tumekubaliana kuwaandalia wazee wetu usiku wa filamu, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ukumbi umepatikana, projekta tumeazima, viti vya plastiki tunakodi, kahawa na kashata juu yetu. Watakaokuja ni madereva wastaafu, magadi (wale wasimamizi wa treni), mafundi wa karakana, na mzee mmoja aliyekuwa stesheni masta njia ya Mombo.

Kilichobaki ni filamu zenyewe. Natafuta zile ambazo treni ndiyo habari, si pambo la nyuma wakati watu wanapigana. Nilimwekea baba Train to Busan, ile ya Korea ya 2016. Haikufika mbali akaniuliza, "Mbona dereva hatumwoni akifanya kazi?" Akaenda zake kuswali isha, hakurudi tena sebuleni. Nikajaribu Murder on the Orient Express ya 1974. Pale treni inapoondoka stesheni, taa ya mbele inawaka na mvuke unafuka, alikaa wima kabisa. Baadaye treni ikakwama kwenye theluji, watu wakaanza kuhojiana ndani ya behewa, akanishukuru kwa upole na kuingia kulala.

Kumbukeni pia kwamba baadhi yao Kiingereza hakipandi, na maandishi ya chini ya skrini macho hayafikii. Naomba majina, na mniambie kwa nini.

---

BintNgamiani

Kaka, weka The Burning Train. Ya 1980, wamo Dharmendra, Hema Malini, Vinod Khanna na Jeetendra. Treni mpya ya kasi inatoka Delhi kwenda Mumbai, mtu mwenye kinyongo anaiharibu breki, moto unawaka, abiria wamo ndani. Katikati kuna kawali, ule wimbo wa kuitikiana na kupiga makofi, inapigwa humo humo kwenye behewa, utaona wazee watakavyotikisa vichwa.

Na lugha isikusumbue. Mama yangu na shoga zake walikuwa wakitoka sinema ya Majestic wanaimba wimbo mzima wa Kihindi hadi barabara ya kumi na mbili, na hakuna aliyejua neno hata moja. Watu wa Tanga wa umri ule filamu ya Kihindi wanaielewa kwa macho.

Ukikosa muda, chukua Sholay ya 1975 uonyeshe kipande cha mwanzo tu, majambazi wa farasi wanavyoivamia treni ya mizigo.

---

FundiMstaafuKorogwe

Marahaba mwanangu MwanaWaKota, na Mungu awabariki kwa kuwakumbuka wazee wenu. Mimi niliingia reli enzi za Afrika Mashariki, kabla shirika halijavunjika mwaka 1977. Maisha yangu yote ya kazi yalikuwa breki na beringi. Tangu nistaafu, kitinda mimba wangu ananitafutia filamu za treni, kwa hiyo hapa nina la kusema.

Kipimo changu ni kimoja: aliyeitengeneza filamu anajua kwamba treni ni nzito? Filamu nyingi treni inasimama kama bajaji. Dereva anavuta mkono, magurudumu yanatoa cheche, basi, imesimama mbele ya mtoto aliyeanguka relini. Mtu aliyewahi kushusha treni ya mizigo kwenye mteremko anajua unafunga breki hapa ili isimame kule mbali, na hapo katikati huna la kufanya ila kupiga honi na kumwomba Mungu.

Iliyo juu ya zote kwangu ni The Train ya mwaka 1964, aliyoiongoza John Frankenheimer, mchezaji mkuu Burt Lancaster. Ni Ufaransa, Agosti 1944. Wajerumani wanataka kuondoka Paris na treni iliyojaa michoro ya thamani, na watu wa reli wanaichelewesha kwa kila njia wanayoijua. Treni zinazogongana humo ni treni kweli. Yadi ya treni inayolipuliwa kwa mabomu ni yadi kweli ya pale Gargenville, ilikuwa inasubiri kubomolewa, wakaijaza baruti. Ndiyo maana kila kitu kinachoanguka kinaanguka kwa uzito wake.

Lakini msiwahimize wazee watazame milipuko. Waambieni watazame mikono. Kuna dereva mzee anaitwa Papa Boule. Anaingia mkahawani, anaomba achenjiwe pesa apate sarafu, kisha sarafu zile anazipenyeza kwenye njia ya oili ya injini. Oili haipiti, beringi inachemka, injini imekufa. Hakuna bunduki wala baruti, ni mtu anayeijua mashine yake anajua pia pa kuiumiza. Wajerumani wanamuua kwa hilo.

Baadaye Labiche, huyo Lancaster mwenyewe, inabidi aitengeneze. Kamera inamtazama akiimimina beringi mpya, yale madini laini ya bati na risasi yaliyoyeyushwa, na haikatizwi. Ni yeye mwenyewe anafanya, si fundi aliyevalishwa nguo zake. Mimi kazi hiyo nimeifanya kwa miaka. Unamimina polepole, bila kusita. Ukisita katikati, tabaka la kwanza linapoa, la pili halishikani nalo, na beringi itapasuka njiani na treni imejaa watu. Yule mtu alikuwa amejifunza, unaona begani na kwenye viwiko kwamba amejifunza. Nilimwambia kijana wangu arudishe nyuma nitazame tena.

Yule mzee wenu stesheni masta naye atapata haki yake: kuna sehemu watu wa stesheni wanabadilisha vibao vya majina njia nzima, Wajerumani wanaamini wanaelekea kwao, kumbe treni inazungushwa inarudishwa ilikotoka. Kisa chenyewe kina mzizi wa kweli. Treni ile ilikuwepo, ila haikufika mbali. Ilikwama Aulnay, nje kidogo ya Paris, na iliyoizuia zaidi ilikuwa makaratasi na ucheleweshaji wa watu wa reli, siku baada ya siku, mpaka jeshi la ukombozi likaikuta.

Lugha: inazungumzwa Kiingereza. Wekeni kijana mmoja mwenye sauti awe anaeleza, kama wanavyofanya wale wa filamu za kutafsiriwa, ila awe na adabu ya kunyamaza mashine zinapofanya kazi.

---

Kijana_Pongwe

Shikamoo mzee. Nimesoma maelezo yako mara mbili. Mimi napendekeza Unstoppable ya 2010, ya Denzel Washington na Chris Pine, treni inaondoka yenyewe bila dereva. Lakini nauliza kwa kutaka kujua: hilo linawezekana kweli, au ni chumvi ya sinema?

---

FundiMstaafuKorogwe

Marahaba. Linawezekana, na lilitokea Ohio, Marekani, tarehe 15 Mei 2001.

Kwanza uelewe breki ya upepo. Bomba moja linapita treni nzima kutoka kwenye kichwa hadi behewa la mwisho, na kati ya behewa na behewa linaungwa kwa mipira. Kila behewa lina tangi lake dogo la upepo. Bomba likijaa upepo, breki zinaachia. Upepo ukitoka, dereva autoe mwenyewe au mpira upasuke au treni ikatike, kila behewa linajifunga kwa upepo wa tangi lake. Kwa hiyo ajali ya kukatika treni inaifunga breki, haiifungui. Aliyebuni hivyo, George Westinghouse, ameokoa roho nyingi mno.

Sasa siku ile Ohio mabehewa 47 yalikuwa kwenye shantingi, yaani yanahamishwa na kupangwa yadini, na mipira haikuwa imeunganishwa na kichwa, jambo la kawaida yadini. Maana yake breki pekee iliyopo ni ya kichwa chenyewe. Dereva akaona pointi, pale reli inapogawanyika, imekaa vibaya, akataka kushuka aigeuze. Akafunga breki ya kichwa, na akadhani ameweka pia ile breki ya umeme inayotumia mota za magurudumu. Kumbe mkono uko kwenye nguvu, umefunguliwa wote. Breki ya kichwa kimoja haiwezi kushindana na injini yake yenyewe. Treni ikaenda kilomita 105 bila mtu, na baadhi ya mabehewa yana kemikali za sumu.

Walioisimamisha walileta kichwa kingine kwa nyuma, kikaifukuza, kikajiunga na behewa la mwisho, kikaanza kuivuta taratibu. Mwendo uliposhuka hadi kama kilomita 18 kwa saa, mtu akakimbia kandokando, akadandia, akazima. Hakufa mtu. Filamu imeihamishia Pennsylvania na kuipa mwendo wa zaidi ya 110, ya kweli haikufika hata 90. Namna ya kuikamata, hata hivyo, wameieleza vizuri, na hapo naiheshimu.

Iko nyingine ya jamii hiyo, Runaway Train ya 1985, wazo lake lilitoka kwa Akira Kurosawa wa Japani, imepigwa Alaska kwenye theluji. Dereva anapatwa na ugonjwa wa moyo, injini inavuta huku breki imefunga, mpaka viatu vya breki vinaungua vyote. Hiyo ni fizikia ya kweli kabisa. Lakini wahusika wake wawili ni wafungwa waliotoroka, wanatukana mwanzo mwisho. Usiiweke mbele ya mama zako.

---

MwalimuMuheza

Mzee wangu shikamoo, umetufundisha.

Naona watu watataja The Ghost and the Darkness ya 1996, simba wa Tsavo waliokula wajenzi wa reli ya Kenya, kwa kuwa ni ya jirani zetu. Iwekeni mkipenda, wazee watapenda daraja na mahema ya wajenzi, ila mtoe maelezo kabla. Simba wale wawili wa mwaka 1898 hawakuwa na manyoya ya shingoni, wa kwenye filamu wanayo tele. Mwindaji anayechezwa na Michael Douglas hakuwahi kuwepo. Patterson, mhandisi wa daraja aliyewaua simba hao, alidai waliliwa watu 135, na utafiti wa mwaka 2009 uliopima mifupa na manyoya ya simba hao, ambao wako makumbusho ya Chicago, ulikadiria kama 35. Na imepigwa Afrika Kusini.

Kinachoniuma ni kwamba reli yetu ilianza kabla ya ile. Kazi ilianza hapa Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905, ikapanda hadi Moshi. Novemba 1914, Waingereza waliposhusha majeshi hapa, askari waliowashinda walikuja kwa treni kwa njia hiyo hiyo. Mwenye kamera na akili ana filamu nzima pale, mpaka leo imelala.

Kwa wazee wasiosoma maandishi, pendekezo langu ni The General ya Buster Keaton, 1926. Haina sauti, hivyo wote wako sawa. Kuna mahali anakaa juu ya mkono wa chuma unaounganisha magurudumu, amezama kwenye huzuni, injini inaondoka taratibu inampandisha na kumshusha naye hana habari. Magurudumu yangeteleza ghafla angekufa. Na ile injini inayoanguka na daraja mtoni ni injini kweli, ilibaki mle mtoni Oregon kwa miaka.

---

MwanaWaKota

Ahsanteni sana. Tumeamua: The General kwanza, mapumziko ya kahawa, halafu The Train. The Burning Train tunaiwekea siku yake, dada BintNgamiani usinune, ile ni ndefu na inataka akina mama wawe wengi.

Mzee wa Korogwe, nauli yako na pa kulala tumeshapanga. Ungekubali kuwa wewe ndiye unayeeleza The Train badala ya kijana?

---

FundiMstaafuKorogwe

Nimekubali. Nitafutieni kiti cha pembeni, na projekta isiwekwe karibu na feni, inatikisika. Tuanze baada ya isha.