Ukoo Mmoja 🌳: Jumanne, somo la Neema

*Jumanne*

Shangazi Zuhura 16:02
Shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo. Naomba mnisome hadi mwisho. Neema anakaguliwa Alhamisi. Mkufunzi wake anakuja kumtazama akifundisha saketi za umeme, vipindi viwili, dakika 80, darasa la watoto 60. Safari hii lazima atumie TEHAMA darasani, imo kwenye fomu ya alama. Shule haina projekta. Familia hii inayo. Idi, projekta. Yusufu, umsaidie na laptopu. Rukia, ekstensheni ile ndefu. Salim, utabeba. Kila mtu ajibu NDIYO.

Mama Neema 16:09
👍

Shangazi Zuhura 16:38
Alama za bluu kumi na moja nimeziona. Kumi na moja mmesoma, amejibu mmoja, tena kwa kidole.

Salim 16:41
Shangazi mimi bado nasoma hadi mwisho kama ulivyoagiza 🙏

Shangazi Zuhura 16:41
Salim.

Salim 16:42
NDIYO

Baba Mkubwa 16:55
*Ametuma video. Imesambazwa mara nyingi.*

Shangazi Zuhura 16:57
Kaka, shikamoo. Hii video ya mamba inahusiana na nini?

Yusufu 17:10
Shangazi shikamoo, nimetoka kazini sasa hivi. Kabla hatujagawana kazi kuna jambo. Projekta ya baba mdogo ina tundu la VGA peke yake, lile la bluu lenye vishimo 15. Laptopu ya Neema ni mpya, ina HDMI tu. Kebo ya kawaida haitasaidia. HDMI inatuma picha kidijitali, VGA inaipokea kianalogi, kwa hiyo inatakiwa adapta yenye chipu ndani. Tena iwe ya kutoka HDMI kwenda VGA. Ya kutoka VGA kwenda HDMI inafanana nayo kabisa kwa macho lakini haifanyi kazi hata uisomee dua.

Salim 17:12
Basi tuanze dua mapema, Alhamisi ni keshokutwa 😂😂

Salim 17:12
Baba Mkubwa aongoze, yule mamba aitikie

Yusufu 17:14
Salim, ni kweli naongea. Wiki iliyopita Neema alipoteza dakika 17 mbele ya darasa kwa sababu hiyo hiyo. Nani ana adapta?

Shangazi Zuhura 17:15
NANI ANA ADAPTA. Jibuni.

Shangazi Zuhura 17:49
Jibuni jamani.

Baba Mdogo Idi 18:10
Projekta ipo, inawaka, nimeifuta vumbi mwenyewe mwezi uliopita. Lakini kabla haijatoka kabatini kwangu, naomba tukumbushane siku ya sherehe ya Rukia.

Shangazi Zuhura 18:11
Idi usianze.

Baba Mdogo Idi 18:16
Sianzi, namalizia. Siku ile projekta iliwaka saa nne mfululizo. Ile taa ya ndani inakuwa moto sana. Unazima kwa kitufe, feni inaendelea kuzunguka hadi taa ipoe, ndipo unachomoa. Mtu akaja akachomoa waya ukutani feni ikiwa bado inazunguka. Kesho yake taa ikafa. Nikanunua nyingine peke yangu, sikuchangiwa na mtu. Nikauliza humu humu nani alichomoa, nikajibiwa kwa stika.

Salim 18:17
*Ametuma stika.*

Baba Mdogo Idi 18:17
Unaona?

*Salim amebadilisha jina la kikundi kuwa "Tume ya Uchunguzi wa Taa"*

Mama Neema 18:20
Salim mwanangu, rudisha jina.

Shangazi Zuhura 18:22
Idi, taa ni taa. Mtoto anakaguliwa keshokutwa. Tutaongea hayo ya kwako siku nyingine.

Baba Mdogo Idi 18:25
Ndivyo ulivyosema na mara ile. Halafu nauliza kitu kingine, na siulizi kwa ubaya. Hizo saketi za kwenye kompyuta ni somo au ni michezo? Watoto wanaburuta balbu kwa kidole, wanacheka, kengele inalia. Sisi tulichorewa ubaoni na tukaelewa.

Yusufu 18:31
Si michezo, baba mdogo. Inaitwa PhET, ni mradi wa majaribio ya sayansi ya kwenye kompyuta wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani. Aliuanzisha Carl Wieman mwaka 2002, mwaka mmoja baada ya kupata Nobel ya fizikia. Mtu wa kiwango kile alijiuliza kwa nini wanafunzi wanakokotoa vizuri na hawaelewi.

Baba Mdogo Idi 18:33
Sawa, huyo ana Nobel. Adapta je, anayo?

Salim 18:34
😂😂😂 baba umeua

Shangazi Zuhura 18:40
Neema uko wapi? Watu wanagombana kwa ajili yako na wewe kimya.

Neema 19:21
Shikamoo shangazi, shikamoo baba mdogo, shikamooni wote. Nilikuwa nasahihisha madaftari, simu ilikuwa kwenye begi. Samahani sana.

Neema 19:34
Baba mdogo, swali lako ndilo nililoulizwa na mkufunzi, na wiki iliyopita sikuwa na jibu. Nilikwenda na slaidi 22. Nilikuwa nimenakili kitabu kizima kwenye skrini, maandishi madogo, watoto wa nyuma hawaoni. Kebo ikanisumbua, nikawapa mgongo dakika zile zote, darasa likawa soko. Nilipofanikiwa kuwasha nikawa nasoma skrini kama wao. Mkufunzi aliandika: "Mashine ilifundisha, mwalimu alitazama." Nililia njiani, sikumwambia mtu isipokuwa Yusufu.

Sasa nimeifuta yote. Alhamisi nina jambo moja tu la kuonyesha. Watoto wengi wanaamini balbu ya kwanza "inakula" umeme, ya pili inapata mabaki. Ukiwachorea ubaoni wanaitikia ndiyo mwalimu, ukiwapa mtihani wanarudi kule kule, maana mkondo wa umeme hawajawahi kuuona. Kwenye ile simulesheni, yaani jaribio la kwenye kompyuta, wanauona unatembea, na amita, kile kipimo cha mkondo, unaiweka popote unapotaka. Betri ya volti 9, balbu moja ya omu 10: mkondo ni ampea 0.9. Ongeza balbu ya pili mfululizo, yaani ifuate ya kwanza kwenye njia ile ile, mkondo unashuka hadi 0.45. Na ni 0.45 kabla ya balbu ya kwanza, katikati, na baada ya ya pili. Hakuna iliyokula. Ubaoni ningeandika tu hizo namba, waniamini kwa sababu mimi ni mwalimu.

Mama Neema 19:36
❤️

Yusufu 19:38
Na faili lake amelipakua, linafunguka kwenye kivinjari bila intaneti. Bando siyo tatizo. Tatizo limebaki ADAPTA.

Shangazi Zuhura 19:40
Umesikia Idi? Mtoto alilia njiani.

Baba Mdogo Idi 19:44
Nimesikia. Sijasema siitoi. Nimesema tukumbushane.

Salim 19:46
Mwalimu Neema naomba kuuliza, hiyo balbu iliyokufa siku ya Rukia iliunganishwa mfululizo au sambamba?

Shangazi Zuhura 19:46
SALIM

Babu 20:05
Nimesoma yote. Vidole vyangu si vya simu, nivumilieni.

Salim 20:05
Shikamoo babu

Mama Neema 20:05
Shikamoo baba

Babu 20:19
Marahaba. Neema. Nilishika chaki miaka 34. Mkufunzi wako alikuandikia kweli, usimchukie. Kabla ya kuwasha mashine uliza swali lako: balbu ya pili ikifuata ya kwanza, ipi itang'aa zaidi? Kila mtoto aandike jibu kwenye daftari, kwa wino, asifute. Mtoto aliyeandika anataka kujua kama amepata. Asiyeandika anatazama picha. Halafu usibonyeze wewe. Mwite mmoja aje abonyeze, wenzake wamwelekeze waya aupeleke wapi. Umeme ukikatika dakika ya tano utafundisha nini? Nijibu mwenyewe, asikujibie shangazi yako.
Idi. Projekta itoke.
Zuhura. Siku ya Rukia nilikaa pembeni ya ile soketi. Nilikuona.

Salim 20:20
*Ujumbe huu umefutwa.*

Shangazi Zuhura 20:58
Nimekusikia, baba.

Shangazi Zuhura 21:03
Idi. Nilikuwa na haraka, watu walikuwa wanaondoka, giza limeingia. Sikujua mambo ya feni. Baadaye nilipojua niliona aibu kusema.

Baba Mdogo Idi 21:09
Mwaka wa tatu huu dada.

Shangazi Zuhura 21:10
Tutaongea. Nitakuja kwako. Kesho saa kumi na moja jioni naja na Salim kuichukua.

Baba Mdogo Idi 21:12
Kesho saa kumi na moja sipo.

Shangazi Zuhura 21:12
Basi acha ufunguo.

Baba Mdogo Idi 21:18
Ufunguo wa kabati sitoi. Nitaipeleka mwenyewe kwa Neema kesho usiku, nikichelewa basi Alhamisi asubuhi. Na nitakayemfundisha kuizima ni Neema peke yake.

Yusufu 21:20
Alhamisi asubuhi ni hatari baba mdogo. Inabidi ajaribu usiku ule ule: aunganishe, abonyeze kitufe cha Windows na P pamoja, achague skrini zote mbili zionyeshe kitu kimoja, aone kama picha inakubali. Asijaribu mbele ya mkufunzi.

Baba Mdogo Idi 21:21
Nimesema nikichelewa.

Neema 21:37
Babu, shikamoo. Nimekaa nikafikiri kabla ya kukujibu.

Umeme ukikatika: nimetengeneza seti nane za kweli. Kila moja ina betri, balbu mbili ndogo, nyaya na swichi ya kipande cha bati. Watoto saba au wanane kila kundi. Swali ni lile lile, madaftari ni yale yale, mwanga utaonekana kwa macho hata bila projekta. Kitakachokosekana ni amita na ule mkondo kutembea. Faili liko kwenye simu yangu pia, ninaweza kupita nalo kundi hadi kundi, ingawa muda utanibana.

Lakini kuna jambo limenisumbua nilipojaribu jioni hii. Kwenye kompyuta, ukiunganisha balbu sambamba, yaani kila moja na njia yake kutoka kwenye betri, zote mbili zinang'aa kama ilivyong'aa moja. Kwenye betri yangu ya kweli mwanga ulipungua kidogo. Nikajua ni ukinzani wa ndani ya betri, yaani betri yenyewe inazuia mkondo kidogo. Ile ya kwenye kompyuta, nilivyoiacha, haina ukinzani huo, hii ya mkononi inao. Nikawaza nifiche seti zile ili zisipingane na skrini.

Babu 21:55
Usifiche. Hapo ndipo somo lilipo. Mtoto akikuuliza kwa nini mashine na betri havikubaliani, mkufunzi wako ataacha kuandika alama atakusikiliza wewe.

Neema 21:57
Sawa babu. Na asipouliza mtoto?

Babu 22:01
Watoto 60. Atauliza.

Baba Mkubwa 22:04
Yule mamba mlimwona lakini?

Mama Neema 22:06
Tulimwona shemeji. Shikamoo.

Yusufu 22:10
Narudia kwa mara ya mwisho kabla sijalala. Adapta. HDMI kwenda VGA. Mwenye nayo aseme.

Shangazi Zuhura 22:11
Mmesikia. Na Rukia hajajibu ekstensheni tangu saa kumi.

Shangazi Zuhura 22:30
Rukia, mama yako anakuona uko hewani.

*Jumatano*

Rukia 06:14
Jamani asubuhi njema, shikamooni. Nimeamka nakuta meseji tisini. Nani amebadilisha jina la kikundi?

Rukia 06:15
Eh.

Rukia 06:21
Nimesoma. Mama pole. Baba mdogo pole. Kumbe siku ile.

Rukia 06:23
Ekstensheni ninayo lakini ina tundu moja linalocheza, sijui kama linafaa. Halafu droo ya kazini kuna adapta, ina upande mmoja wa bluu. Sijui inatoka wapi inakwenda wapi.

Yusufu 06:24
Rukia piga picha maandishi yake! Juu ya ganda huwa wameandika, HDMI ikitangulia ndiyo yenyewe. Na ule upande wa HDMI uwe wa kuchomeka kwenye laptopu, usiwe tundu.

Neema 06:31
Dada Rukia asante sana. Naingia darasani saa mbili, nitashika simu wakati wa mapumziko. Nimemwomba mwalimu mwenyeji aniruhusu leo nijaribu lile swali la babu kwa darasa jingine, bila mashine yoyote, nione wanaandika nini.

Shangazi Zuhura 06:33
Vizuri mwanangu. Rukia, picha.

Baba Mdogo Idi 06:40
Leo naweza kuchelewa kuliko nilivyosema jana.

Shangazi Zuhura 06:41
Saa ngapi?

Shangazi Zuhura 06:58
Idi saa ngapi?

Salim 07:02
Mimi kubeba bado nipo NDIYO

Neema 10:47
Nimefanya. Kati ya watoto 58 waliokuwepo, 41 wameandika balbu ya kwanza itang'aa zaidi. Arobaini na moja, babu! Madaftari nimeyakusanya yote, yako mezani kwangu.

Babu 10:52
Vizuri. Sasa unajua unakwenda kumfundisha nani.

Yusufu 11:15
Hongera mdogo wangu. Rukia, ile picha?

Shangazi Zuhura 11:40
Rukia?